Tokeni ya Mwisho

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika ile sehemu ya programu isiyompendeza mteja hata mmoja: sehemu inayofunga. Kifaa kinauzwa kwa awamu, mteja analipa kidogo kidogo, na kila anapolipa anatumiwa tokeni, yaani mfuatano wa tarakimu anaoubonyeza mwenyewe ili kifaa kiendelee kufanya kazi kwa siku alizolipia. Siku zikiisha, kifaa kinajifunga hadi tokeni nyingine ije. Nimeandika kufuli za namna hii kwa ajili ya taa za sola na pampu za maji, na baadaye kwa ajili ya programu za kompyuta zenye leseni ya mwaka. Naziunga mkono, na nitasema kwa nini. Lakini nimeziona pia zikimfungia mtu asiyedaiwa hata senti, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Wengi hudhani kifaa kilichofungwa kimepokea amri kutoka kwa kampuni. Mara nyingi hakijapokea chochote. Hakina laini ya simu wala intaneti. Kilichomo ndani yake ni ufunguo wa siri, namba ndefu iliyowekwa kiwandani, na nakala ya ufunguo huo iko kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya muuzaji. Mteja akilipa, seva inachukua ufunguo, inaangalia ni tokeni ngapi zimeshatolewa na ni siku ngapi zimenunuliwa, inapiga hesabu, inatoa tarakimu. Kifaa nacho kinapiga hesabu hiyohiyo upande wake. Majibu yakilingana, siku zinaongezwa. Tokeni iliyokwisha kutumika haikubaliki tena, na ya kifaa hiki haifungui kile. Katika tokeni zote hizo kuna moja ya pekee ambayo haibebi siku: inakieleza kifaa kwamba malipo yamekamilika na kisijifunge tena kamwe. Kazini tuliiita tokeni ya mwisho.

Niitetee kufuli kwanza. Mtu asiye na mshahara wa kudumu, asiye na hati ya nyumba wala mdhamini, hakopesheki. Hana cha kuweka rehani. Kufuli inampa dhamana ambayo hakuwa nayo: kifaa chenyewe. Akichelewa, hakuna mtu anayekwenda kumdai mbele ya majirani, hakuna anayebeba vyombo vyake. Kifaa kinasubiri. Akipata, analipa, kinawaka palepale, bila kuomba radhi kwa mtu. Nimewaona wadai wa aina nyingine wakifanya kazi, na najua ipi kati ya njia hizi mbili inamwachia mtu heshima yake. Mwenzangu mmoja kazini alipenda kusema dawa ya deni ni kulipa, kila tulipobishana kuhusu ukali wa kufuli, na sikuwahi kumpinga katika hilo. Nilichompinga ni kuamini kwamba kufuli inalijua deni. Hailijui. Inachojua ni idadi ya siku tu, na pale siku na deni vinapopishana, anayeumia ni aliyeshika kifaa.

Siku moja simu ya huduma kwa wateja ililetwa kwenye meza yetu kwa sababu wenzetu wa mapokezi walishindwa kuelewa tatizo. Alikuwa mama mtu mzima, anayeongea taratibu kama mtu asiyependa kusumbua watu.

“Mwanangu, mimi nimemaliza kulipa. Ujumbe wa kumaliza ninao hapa kwenye simu.”

“Nisomee, mama.”

Akanisomea wote, pamoja na pongezi zilizokuwa mwishoni. Nikamwuliza taa ndogo ya kifaa ina rangi gani.

“Nyekundu. Tangu juzi.”

Nilifungua akaunti yake. Salio la deni lilikuwa sifuri, hali ya mkataba “umekamilika”. Tokeni ya mwisho haikuwa imetolewa. Mfumo wa malipo na mfumo wa tokeni zilikuwa programu mbili zilizojengwa na watu tofauti kabla sijaajiriwa, na katikati yake kulikuwa na orodha ambayo mfanyakazi mmoja alitakiwa kuipitia na kuithibitisha kwa mkono. Mfanyakazi huyo alikuwa ameacha kazi. Orodha ikabaki pale, ikirefuka, na kila jina ndani yake ni la mtu aliyelipa mpaka mwisho.

Nikaitoa tokeni na kumsomea tarakimu tatutatu. Kila fungu alilirudia kwanza, kisha nikasikia vibonye vikilia. Fungu la mwisho lilipoingia alinyamaza kidogo.

“Imewaka. Sasa hii haizimiki tena?”

“Haizimiki, mama.”

“Hata nyinyi mkifunga ofisi?”

Kwa kifaa chake jibu lilikuwa ndiyo, na nikamjibu hivyo. Lakini kwa maelfu ya wengine waliokuwa bado wanalipa, jibu lilikuwa hapana, na hakuna mahali popote katika mkataba waliotia saini palipowaambia hivyo. Kampuni ikifilisika, seva inazimwa na funguo zote za siri zinapotea nayo. Kuanzia hapo kila kifaa kinakwenda mpaka siku ya mwisho iliyonunuliwa, kisha kinafunga, na hakuna mtu duniani anayeweza kukitolea tokeni. Aliyebakiza malipo ya wiki moja yuko sawa na aliyeanza jana. Anataka kulipa, na hana wa kumlipa.

Na hata aliyenunua taslimu hayuko salama kama kifaa chake kinategemea seva ya mtu mwingine. Mwaka 2014 kampuni ya Nest, iliyo chini ya Google, iliinunua Revolv, iliyokuwa inatengeneza kitovu cha kuendeshea vifaa vya nyumbani kilichouzwa kwa takriban dola 300 za Marekani. Tarehe 15 Mei 2016 huduma yake ikazimwa, na vitovu hivyo vikaacha kufanya kazi mikononi mwa watu waliokuwa wameshavilipia vyote. Hakuna kilichokuwa kimeharibika ndani yake.

Swali la yule mama nililipeleka kwenye kikao, na mabishano yaliyofuata yalinifundisha zaidi ya yote niliyosoma kuhusu usalama wa kompyuta. Tulipendekeza mambo mawili.

La kwanza lilikuwa kukifanya kifaa kijue mwisho wake chenyewe. Siku ya mauzo kinaandikiwa jumla ya siku zinazotakiwa kulipiwa. Kila tokeni inayoingia inapunguza jumla hiyo, na ikifika sifuri kinajifungua milele bila kusubiri seva, orodha, wala mtu. Unaweza kushangaa kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sababu zilikuwepo. Watu wa biashara walikuwa wakitoa siku za bure, mathalani mteja anapougua au kifaa kinapochelewa kutengenezwa, na siku hizo zikihesabiwa kama malipo, kifaa kitafunguka kabla ya deni kuisha. Tukatenganisha: tokeni ya siku za bure iongeze muda bila kupunguza jumla. Kisha wakauliza, mteja akiomba kulipa kwa muda mrefu zaidi, je? Hapo jumla lazima ipande. Hili lilinikosesha usingizi, kwa sababu tokeni inayoweza kupandisha jumla ni tokeni inayoweza kumwongezea mtu deni. Tulikubaliana iwepo, lakini isifanye kazi mpaka mteja aingize pia tarakimu za kukubali, ambazo hupewa baada ya kusomewa masharti mapya. Asipoziingiza, mkataba wa zamani unabaki ulivyo. Sheria hiyo haikuachwa kwenye kitabu cha maadili cha kampuni. Iliandikwa ndani ya kifaa, ambamo meneja mwenye haraka hawezi kuifikia.

La pili lilikuwa zito. Tulitaka nakala ya funguo za siri iwekwe kwa mtu wa tatu, mwanasheria au mdhamini, ikiwa imefungwa, kwa sharti kwamba kampuni ikifa, au ikikaa kimya kwa muda uliotajwa, tokeni za mwisho za vifaa vyote zitolewe kwa wenye navyo. Idara ya fedha ilikataa papo hapo, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Kampuni yenyewe ilikuwa imekopa ili kununua vifaa, na kilichowekwa dhamana kwa waliotukopesha ni madeni ya wateja. Deni la mteja lina thamani kwa sababu kifaa chake kinaweza kufungwa. Ukiahidi kuvifungua vyote siku tutakayoanguka, unawaambia wakopeshaji kwamba dhamana yao inayeyuka siku ileile watakapoihitaji. Tulichofikia ni hiki: anayenunua madeni yetu anunue pia wajibu wa kutoa tokeni, na asipoutimiza ndani ya muda uliowekwa, mdhamini afungue. Ilikubaliwa kwa mikataba mipya. Kwa ile ya zamani uongozi ulikataa, na mpaka naondoka pale sikuweza kuwabadilisha. Naamini walikosea. Wateja wa zamani ndio walioijenga kampuni ile.

Baadaye nilihamia kwenye programu za kompyuta, nikidhani huko mambo ni mepesi kwa kuwa wanunuzi ni ofisi na wana mafundi wao. Niliitwa kumsaidia dada mmoja mtunza hesabu. Programu yake ya hesabu ilikuwa imejifunga na kumwonyesha dirisha moja tu, lililosema leseni imesitishwa kwa sababu saa ya kompyuta imechezewa. Alikuwa na risiti, leseni ilikuwa na miezi mbele yake, na alikuwa na ripoti ya kukabidhi siku ileile. Nilipofungua kasha la kompyuta nikakuta ile betri ndogo bapa, inayoitunza saa umeme unapokatika, imekufa. Asubuhi alipowasha mashine, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Akaisahihisha, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Lakini programu ilikuwa imeshaona. Programu nyingi za leseni hukumbuka tarehe ya mwisho zilizoiona ili mtu asirudishe saa nyuma na kujiongezea siku, na hii haikuwa na nafasi ya kufikiri kwamba betri hufa. Kwake, saa iliyorudi nyuma ilimaanisha mwizi.

Betri mpya niliiweka kwa dakika chache. Leseni ilichukua siku nzima ya kupiga simu. Wakati wote huo kumbukumbu zake za miaka yote, alizoziingiza mwenyewe kwa vidole vyake, zilikuwa ndani ya mashine iliyo mbele yake, naye hakuruhusiwa hata kuzisoma.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipokamilika. Muda ukiisha, muuzaji ana haki ya kuzuia kile ambacho hakijalipiwa: kazi mpya, masasisho, siku zijazo. Kazi iliyokwisha kufanywa si yake. Leseni iliyokwisha ikuruhusu kufungua faili zako, kuzisoma, kuzichapisha na kuzihamisha katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma. Muuzaji hapotezi chochote kwa hilo, isipokuwa uwezo wa kumshika mtu kwa mali yake mwenyewe, na uwezo huo hakuwahi kuuuza. Umoja wa Ulaya umelikaribia jambo hili katika Agizo lake namba 2019/770, linalompa mtumiaji wa huduma ya kidijitali, pale anapositisha mkataba kwa haki, nafasi ya kurejeshewa maudhui aliyoyaweka au kuyatengeneza humo, ingawa kuna mambo kadhaa yaliyoachwa nje. Ningependa wanaoandika programu wasisubiri sheria iwalazimishe. Ni mistari michache ya kazi.

Yote niliyosema mpaka hapa yanahusu kufuli ambazo mteja ameambiwa kwamba zipo. Kuna zile zinazofichwa, na kwa hizo sina utetezi. Desemba 2023 wataalamu wa usalama wa kompyuta wa Poland, wa kundi la Dragon Sector, walieleza walichokikuta ndani ya kompyuta za treni za Impuls, zinazotengenezwa na kampuni ya Newag. Treni zilizopelekwa kwenye karakana za wengine kwa matengenezo zilikuwa zikigoma kuondoka ingawa kila kitu kilikuwa kizima. Walisema walikuta masharti ya kijiografia, yaani namba za mahali zilipo karakana hizo kwenye ramani, ili treni ijifunge ikiwa hapo, na katika treni moja sharti la tarehe. Newag ilikanusha kwamba iliweka kitu kama hicho na ikayakataa madai yao. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2019, mkandarasi mmoja aliyeifanyia kazi Siemens huko Pennsylvania, Marekani, alikiri mahakamani kwamba alipanda ndani ya majedwali ya kompyuta aliyowatengenezea mitego ya tarehe, ili yaharibike baada ya muda naye aitwe kuyatengeneza. Alifungwa miezi sita. Ukimlinganisha na muuzaji wa leseni ya mwaka, kilichoandikwa ndani ya programu kinakaribia kufanana: angalia tarehe, kisha acha kufanya kazi. Tofauti nzima ni kwamba mmoja alimwambia mnunuzi kabla hajalipa.

Zile namba za muda mfupi za kuingilia kwenye akaunti, zinazobadilika kila sekunde 30, nazo zina mwisho, lakini siziweki katika kundi la kufuli hata kidogo. Zinakufa haraka ili kumlinda anayezishika.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mita za umeme za kulipia kabla, kwa sababu pale muda ulifika mwisho bila mtu yeyote kukusudia kumfungia mtu. Mita nyingi za aina hii duniani hufuata kiwango kimoja, STS (Standard Transfer Specification), chenye tokeni za tarakimu 20. Ndani ya kila tokeni umefichwa wakati ilipotolewa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, ili tokeni ileile isitumike mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja, ambazo zinabeba dakika 16,777,216 na basi. Dakika hizo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwa imeandaliwa kabla ya hapo isingekubali tokeni mpya, hata mwenye nayo awe amelipa kiasi gani.

Suluhisho lilikuwa rahisi kwa mtu mmoja na zito kwa wote kwa pamoja: kila mita iingiziwe tokeni mbili maalumu za kubadilisha ufunguo, moja baada ya nyingine, kisha ianze kuhesabu upya kutoka tarehe nyingine ya msingi. Mashirika ya umeme yalilazimika kumfikia kila mteja kabla ya siku hiyo. Kilichonivutia si hitilafu yenyewe, kwa kuwa waliobuni walijua tangu awali kwamba hesabu ina mwisho. Ni kwamba kiwango hicho kiko wazi, kimechapishwa, na kina chama kinachokisimamia, kwa hiyo mtengenezaji wa mita akitoweka, shirika la umeme bado linaweza kutoa tokeni. Na mwenye mita aliweza kuifungua mwenyewe kwa vibonye vyake, bila fundi. Vifaa vyetu vingi vya awamu havina hata moja ya hayo mawili.

Kuna jambo la dharura pia. Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokuwa kinaelekea Florida, Tesla iliwafungulia kwa muda wamiliki wa baadhi ya magari sehemu ya betri iliyokuwa imefungwa kwa programu, ili waweze kukimbia mbali zaidi. Watu wengi walisifu, wengine wakashtuka kugundua kwamba betri kubwa ilikuwa ndani ya gari lao muda wote. Mimi nilichukua somo la kikazi: kama kufungua kwa dharura kunawezekana, kusisubiri huruma ya mtu aliye ofisini. Tangu wakati huo kila kufuli ninayoiandika ina siku za dharura ambazo mteja anaziwasha mwenyewe, bila kumpigia mtu simu, na zinajazwa upya anapolipa. Wateja wangu wa biashara huogopa kwamba kila mtu atazitumia siku ya kwanza. Wengine huzitumia, ndiyo. Kisha wanalipa, kwa sababu zimekwisha.

Linalonisumbua sasa ni vifaa vinavyobadilisha mikono. Mtu akiuza kwa mwingine taa aliyoilipia nusu, mnunuzi anabaki na kifaa kilichofungamanishwa na akaunti ya mtu asiyemjua, na tokeni zinaendelea kutumwa kwenye simu ya muuzaji. Kampuni ninayoifanyia kazi inaliita hilo uvunjaji wa mkataba na inataka kifaa kikae kimefungwa. Mimi nadai deni lifuate kifaa: mwenye nacho aweze kuona kwenye kifaa chenyewe siku zilizobaki hadi mwisho, alipie kwa namba ya kifaa bila kuulizwa jina, na aliyetangulia afutwe. Rasimu ya kwanza wamenirudishia ikiwa na mistari myekundu. Kipengele cha kuonyesha siku zilizobaki wamekikubali. Cha kulipia bila jina bado tunakibishania.